Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Karatasi za Mtu wa Zamu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita nilisema kwamba kazi ya kikundi kazi chetu cha IPv6, toleo jipya la mfumo wa anwani za intaneti, ni kuwahimiza wenye mitandao wahame kutoka IPv4, toleo la zamani. Leo naifuta kauli hiyo. Kuhimiza tumehimiza hadi sauti zimekauka, na hakuna mwendesha mtandao asiyejua kwamba anwani za IPv4 zimekwisha. Anachokosa ni karatasi ya kumwachia kijana wa zamu saa nane usiku, mteja atakapopiga simu na kusema intaneti ipo lakini haifungui. Mwaka huu tumejaribu kuandika karatasi za namna hiyo. Moja imekamilika, moja tuliiandika upya kabla haijatoka, na ya tatu bado iko mezani.

Hali ya jumla nitaipitia haraka, maana wengi mnaijua. IPv4 ya mwaka 1981 ina anwani za biti 32, yaani takriban bilioni 4.3. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa vitalu vyake vitano vya mwisho, yaani mafungu ya anwani, kwa rejista tano za kanda, kila moja kimoja. Rejista inayohudumia Ulaya, RIPE NCC, ilimaliza akiba yake kabisa Novemba 2019. IPv6 nayo si mtoto mchanga: ilichapishwa mara ya kwanza Desemba 1995, ikaandikwa upya 1998, na ikapewa hadhi ya kiwango kamili cha intaneti Julai 2017 kwa waraka RFC 8200 (RFC ni jina la nyaraka za kiufundi za intaneti). Katikati ya mwaka 2012 waliofikia huduma za Google kwa IPv6 hawakutimia mmoja kati ya mia. Siku hizi ni zaidi ya wanne kati ya kumi.

Safari hiyo haikuendeshwa kwa amri. IETF, chombo kinachoandika viwango hivi, kilianza Januari 1986 kwa kikao cha watu 21, na hadi leo hakina askari wala faini. Hakipigi hata kura. Mwaka 1992 David Clark aliwaambia wenzake kwamba wao wanakataa wafalme, marais na kura, na kwamba wanaamini mwafaka wa jumla pamoja na programu inayofanya kazi. Wengi huipenda kauli hiyo wakidhani maana yake ni kwamba wengi wape. Waraka RFC 7282 wa mwaka 2014 unafafanua kinyume chake: watu mia wanaweza kukubali jambo, watano wakalipinga, na mwafaka ukawa haupo, kama hoja ya wale watano haijajibiwa. Mwenyekiti hahesabu mikono. Anauliza kama pingamizi limechambuliwa hadi mwisho.

Nayasema haya kwa sababu mwaka huu nilikosea hapo hapo.

Rasimu yetu ya kwanza ilihusu kitalu cha anwani anachopewa mteja wa nyumbani. Tulikuwa tumekubaliana haraka juu ya ukubwa. Wengi wetu tulilelewa katika uchache wa IPv4, na mkono wa uchache hutoa kwa kubana. Ndiyo maana bado wapo wanaompa mteja /64 moja, yaani mtandao mmoja tu, asiweze kutenganisha vifaa vya wageni na vyake. Namba hii ikipungua, kitalu kinakua. Tukaandika /56, inayompa mteja mitandao midogo 256, na /48 kwa ofisi, yenye mitandao 65,536. Hapo sikusikia ubishi, nami nikataka kufunga mjadala.

Mwanachama mmoja akapinga. Alisema ukubwa haumsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba rasimu haikusema kama kitalu hicho kitabaki cha mteja yule yule au kitabadilika kila ruta, kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti, inapounganishwa upya. Wengine waliona anatuchelewesha, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimwambia hoja yake iingie toleo lijalo. Alikataa, akaeleza yaliyompata. Umeme hukatika, ruta ya nyumbani inazimika, inawaka na kupewa kitalu kipya. Simu na kompyuta zilizobaki hai kwa betri hazijui kwamba kitalu cha zamani kimekufa. Zinaendelea kutumia anwani ambazo hazifiki popote, na zinaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Mteja anaona taa zote za ruta ni kijani, lakini ndani hakuna kinachokwenda. Kwenye mtandao wa mwanachama huyu simu zilimiminika hadi bosi wake akaamuru IPv6 izimwe. Ilizimwa, na haijarudi.

Tulipofungua nyaraka za wenzetu tukakuta tulikuwa tunaelekea kurudia kosa ambalo limeshaandikwa. Jumuiya ya RIPE, ya wenye mitandao wa kanda ya Ulaya, ililisema Oktoba 2017 katika waraka wake RIPE-690, wenye ushauri kwamba kitalu kidumu na kisiwe chembamba kuliko /56 kwa mteja wa nyumbani. Machi 2021 IETF nayo ikachapisha RFC 8978, inayoeleza hatua kwa hatua jinsi vifaa vinavyokwama kitalu kinapobadilishwa ghafla. Rasimu yetu tuliiandika upya. Sasa aya ya kwanza inazungumzia kudumu kwa kitalu, na ukubwa umeshuka hadi aya ya tatu. Kwa mwanachama yule nasema mbele yenu wote: ulikuwa na haki, nami nilikuwa na haraka. Namshukuru kwa kutokubali kunyamaza.

Karatasi iliyokamilika ni ile ya vichujio vya usalama (firewall), na ndiyo ninayojivunia zaidi, ingawa ni fupi kuliko zote.

Tatizo lenyewe ni hili. Katika IPv4 wasimamizi wengi walizoea kuzuia ujumbe wote wa ICMP, yaani taarifa za hitilafu na uchunguzi ambazo vifaa vya mtandao hutumiana, kwa kuogopa wavamizi, na mara nyingi mambo yalikwenda. Katika IPv6 zoea hilo linaua. Ruta zilizo njiani haziruhusiwi tena kuikata pakiti (fungu la data linalosafiri) iliyo kubwa mno. Huitupa na kumtumia aliyeituma ujumbe wa ICMPv6 kwamba apunguze. Ujumbe huo ukizuiwa, mtumaji hajui kitu. Anairudia pakiti ile ile, nayo inatupwa tena. Kiungo kinachobeba baiti 1,500 kikikutana na kingine chenye handaki ndani yake, yaani pakiti zinazofungwa ndani ya pakiti nyingine, kinachobeba pungufu kidogo, basi hapo ndipo penye shimo. Mteja atakwambia ukurasa ulianza kufunguka ukaganda, au barua pepe fupi zinakwenda na zenye viambatisho haziendi.

Kuna jambo linalofanya hitilafu hii iwe ngumu kuliko nyingine. Vifaa vya leo vina ustadi wa kukwepa IPv6 mbovu. Kwa utaratibu ulioandikwa mwaka 2012 katika RFC 6555 na kuboreshwa 2017 katika RFC 8305, kifaa hujaribu IPv6 kwanza, na kisipopata jibu ndani ya takriban milisekunde 250 huanza kujaribu IPv4 pia, kisha kinashika iliyowahi. Ni utaratibu mzuri sana, na bila huo watu wasingethubutu kuwasha IPv6 mapema kiasi kile. Lakini unaamua kwa kuangalia salamu za mwanzo tu, na salamu za mwanzo ni pakiti ndogo. Zinapita. Kifaa kinasema IPv6 ni nzima, kinaing'ang'ania, na pakiti kubwa za baadaye zinapotelea shimoni. Upande wa pili, IPv6 ikiwa imekufa kabisa, utaratibu huo huo unaificha: mteja anahama kimya kimya kwenda IPv4, na mwenye mtandao anakaa miezi akiamini amewasha kitu ambacho hakuna anayekitumia. Kwa hiyo karatasi yetu inamtaka msimamizi apime kila itifaki, IPv4 na IPv6, peke yake, bila kuiacha nyingine iisaidie.

Orodha ya ujumbe usiozuiwa hatukuitunga sisi. RFC 4890 iliitoa tangu Mei 2007. Tulichofanya ni kuitoa kwenye kurasa nyingi za Kiingereza na kuiweka kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mtu anaweza kuubandika ukutani. Neno lililotutoa jasho ni lile la kundi la anwani zinazoshiriki mwanzo mmoja. Wapo waliotaka "kiambishi", kwa kuwa ndiyo tafsiri ya moja kwa moja. Nilisimama na waliotaka "kitalu". Kila msomaji anajua kitalu ni eneo lililopimwa na kupewa mtu, na hicho ndicho tunachotaka akione kichwani. Kiambishi kinampeleka kwenye somo la sarufi.

Karatasi ya tatu, ya wanaopokea simu za wateja, haijaisha. Msingi wake ni RIPE-631 ya mwaka 2014, kazi ambayo naona haijasifiwa vya kutosha. Inamtuma mteja kwenye tovuti ya majaribio inayompa namba fupi ya kusoma kwa simu. Mpokeaji anaiangalia kwenye jedwali na kujua aanzie wapi. Hahitaji kuwa mhandisi. Tumekwama kwa sababu ndani ya kikundi kazi hatuna hata mtu mmoja anayepokea simu kwa ajira. Tumejaza wahandisi watupu, na kila rasimu inarudi ikiwa na maneno ambayo mpokea simu hatayatamka kwa mteja.

Kuhusu ununuzi wa vifaa, nina machache. Waraka wa RIPE wa mahitaji ya IPv6 kwenye vifaa ulianza kama RIPE-501 mwaka 2010, ukawa RIPE-554 mwaka 2012, na sasa ni RIPE-772 wa mwaka 2021. Unamwezesha mnunuzi kuandika kwenye zabuni kile ruta, swichi au kichujio kinachopaswa kuweza, na muuzaji akajibu ndiyo au hapana. Masharti ya mnunuzi huvuta kuliko hotuba. Kampuni ya Apple ilipotangaza kwamba kuanzia Juni 2016 programu zinazowasilishwa kwenye duka lake lazima zifanye kazi katika mtandao wenye IPv6 pekee, waandishi wa programu waliokuwa wakiahirisha walilazimika kusahihisha. Naomba kila mwanachama anayesaini zabuni kazini kwake auchukue waraka huo.

Halmashauri yenu pia imejadili kama tuwe na siku maalumu ya kuwasha kwa pamoja. Nilikuwa na shaka, lakini historia imenigeuza. Tarehe 8 Juni 2011 tovuti kubwa zilifungua IPv6 kwa saa 24 tu, na mwaka uliofuata, tarehe 6 Juni 2012, zikafungua na kuacha wazi. Kilichosaidia ni kwamba hakuna aliyekuwa peke yake. Tovuti moja ikiwasha na wateja wachache wakashindwa kuifikia, lawama ni zake. Zikiwasha zote siku moja, mwenye hitilafu anajulikana, na anaitengeneza. Waendeshaji wa DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, walitumia njia hiyo hiyo tarehe 1 Februari 2019 walipoacha kwa pamoja kuzibeba seva zisizofuata kanuni.

Ila siku iliyopangwa isigeuke kiapo. Ufunguo mkuu wa DNSSEC, saini zinazothibitisha majibu ya DNS, kwenye mzizi wa mfumo huo ulipangwa kubadilishwa tarehe 11 Oktoba 2017. Vipimo vilipoonyesha kwamba baadhi ya seva hazikuwa na ufunguo mpya, ICANN, shirika linalosimamia mzizi huo, iliahirisha, na kazi ikafanyika tarehe 11 Oktoba 2018, mwaka mmoja kamili baadaye, kwa usumbufu mdogo sana. Nataka siku yetu iwe ya namna hiyo: tarehe ipangwe, vipimo vifanyike kabla, na anayesema hayuko tayari asikilizwe.

Yanayohitaji uamuzi wenu leo ni matatu. Kwanza, kuidhinisha karatasi ya vichujio kama ushauri rasmi wa chama, ikiwa na tarehe ya kuipitia upya baada ya miaka miwili. Pili, kutenga nafasi mbili katika kikundi kazi kwa watu wa huduma kwa wateja, hata kama si wanachama kamili. Tatu, kuchagua mhariri, kwa sababu aliyekuwepo amemaliza muda wake na amefanya kazi ya watu watatu bila kulalamika.

Na kwa kila mmoja, kabla ya kikao cha kwanza cha kikundi kazi: lete kwa maandishi tukio moja ambapo IPv6 ilikushinda ukaizima. Andika dalili aliyoiona mteja, ulichokijaribu, na saa ulizopoteza. Jina la kampuni yako si lazima. Matukio hayo ndiyo yatakayoamua karatasi ya nne iandikwe juu ya nini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti