Barua ya malalamiko: harusi ya Kisumu kwa mpango wa Diani

Kamati ya Harusi,
Nakuru.

31 Agosti 2026

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Kuandaa Harusi,
Kisumu.

Bi Mkurugenzi,

KUH: MPANGO NA KOTESHENI YA HARUSI YA JUMAMOSI, 12 DESEMBA 2026

Tumeusoma mpango wenu wote pamoja na kotesheni ya Sh1,480,000. Asilimia 40 ya fedha hizo, yaani Sh592,000, mmekwisha kuzipokea. Lalamiko letu ni moja, na mengine yote yanazaliwa humo: mpango huu haukuandikwa kwa ajili ya Kisumu. Ni mpango wa harusi ya pwani uliofutwa jina la mji na kuandikwa jingine. Hata kufuta hakukukamilika, maana ukurasa wa nane bado unataja "ufuo wa Diani", na ratiba ya picha inawataka maharusi washuke majini "maji yakishakupwa". Ziwa Victoria halikupwi wala halijai kama bahari. Lingekuwa ni jina tu lililosahaulika tungenyamaza, lakini kosa limepenya hadi kwenye tenti, saa, jiko na sheria.

Tuanze na hiyo picha. Kusimama miguu peku kwenye maji ya ukingoni mwa ziwa hili ni njia ya kuambukizwa kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya majini, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Isitoshe, upande wa Dunga una viboko. Picha za ziwani zipigwe juu ya gati au ndani ya mashua, basi.

Mashua nayo mmeiweka saa tisa alasiri, bi harusi akiwa ndani. Huo ndio wakati upepo unapovuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na ndio unaosukuma gugu maji hadi ufukweni. Gati linaweza kuwa wazi asubuhi na kufikia alasiri likawa limefungwa na zulia la kijani ambalo injini ndogo haipiti: majani na mizizi hujisokota kwenye rafadha na mashua ikasimama mita hamsini kutoka kwa wageni. Tunataka bi harusi afike asubuhi. Nahodha akague njia Ijumaa jioni na tena Jumamosi alfajiri, na gari liwe limeegeshwa tayari iwapo njia haifai. Kila abiria avae jaketi la kuokolea. Tunajua halipendezi juu ya gauni jeupe. Atalivua akifika gatini.

Sasa mvua. Mmeandika kwamba Desemba ni kiangazi, kwa hiyo tenti ya wageni ni "hiari". Kisumu hupata mvua hata Desemba, na mvua yake aghalabu hunyesha alasiri na jioni, ikiandamana na radi. Sababu yake si siri: jua hupasha nchi kavu, hewa yenye unyevu hutoka ziwani, hukutana na miinuko ya Nandi na Kericho, kisha wingu hupanda haraka. Anga safi ya saa nne asubuhi haikuahidi lolote kwa saa kumi. Nanyi mmepanga ndoa ifungwe saa tisa, chakula saa kumi na nusu, hotuba hadi usiku. Ratiba hiyo imeweka kila jambo la maana mahali ambapo mvua hupenda kukaa. Ipinduliwe: ndoa saa nne asubuhi, sahihi ziwe zimewekwa kabla ya saa sita, chakula saa saba, keki na zawadi saa tisa. Ngoma ndiyo ibaki alasiri, kwa kuwa anayecheza hajali sana kulowa. Na tenti yenye nguzo za chuma si kinga ya radi. Tuonyesheni jengo la kudumu lililo karibu na bustani ambamo watu 200 wanaweza kuingia kwa dakika chache.

Kuna jambo jingine la usiku ambalo halipo pwani. Vidudu vya ziwa hutoka majini kwa wingi siku zinazozunguka mwezi mpya, na mwezi mpya wa Desemba ni tarehe 9, siku tatu tu kabla ya harusi. Huvutwa na taa nyeupe. Mmepanga taa nyeupe juu ya meza ya chakula, na wingu zima litashukia kwenye mabakuli. Taa za eneo la kula ziwe za manjano hafifu, zile kali ziwekwe mbali, upande wa ziwa, zivute vidudu huko. Mabakuli yawe na vifuniko. Bora zaidi, chakula kiwe kimekwisha kabla jua halijazama, ambalo siku hiyo litazama saa kumi na mbili na dakika 35 hivi, si kumi na mbili na robo kama mlivyoandika. Mpiga picha anayetegemea robo hiyo atawatoa maharusi mezani mapema bila sababu.

Tenti mmeweka moja ya mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200, kwa wageni 200. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Meza ya duara ya mita 1.8, ikizungukwa na viti kumi na njia ya mhudumu, hula karibu mita za mraba 11. Meza 20 ni mita 220, na bado hatujaweka meza kuu, meza ya chakula, keki wala uwanja wa kuchezea. Tunahitaji isiyopungua mita 15 kwa 20, na nyingine ndogo ya wapishi. Mkiunganisha tenti mbili ili kupata ukubwa huo, wekeni mfereji wa turubai pale paa zinapokutana, la sivyo maji yote yatamwagika katikati ya meza. Pazia za pembeni ziwepo pande zote, hasa upande wa ziwa.

Namna ya kuzifunga ndiyo iliyotushangaza zaidi. Mpango unasema mifuko "ijazwe mchanga ufuoni". Ufuo upi? Pale ni matope na mafunjo. Udongo wenyewe ni mfinyanzi mweusi. Ukikauka ni mgumu kama tofali, ukilowa kigingi kifupi hung'oka kwa mkono. Upepo wa mvua ukiingia chini ya paa kubwa ndipo vigingi hivyo hujaribiwa, wakati tayari vimelegea. Tunataka vigingi vya mita moja, au pipa la lita 200 lililojazwa maji kwenye kila nguzo ya pembeni, na sakafu ya mbao walau kwenye njia ya bi harusi na uwanja wa kuchezea.

Umeme tutausema kwa kifupi. Jenereta ya kVA 5 hutoa takriban kilowati 4. Sauti peke yake ni kilowati 3, taa 2, feni sita 1.2, friza mbili 0.6, birika kubwa la chai 3. Jumla ni 9.8, na friza huvuta zaidi ya hapo zinapowaka. Leteni ya kVA 20, na laini ya sauti isichangiwe na friza wala birika.

Chakula sasa. Orodha inataka kilo 60 za changu, samaki wa bahari, kwa harusi iliyo ukingoni mwa ziwa lenye ngege. Na ugali haumo kabisa! Wageni wa Kisumu watavumilia mengi, lakini hilo watalisimulia hadi harusi ya wajukuu. Badilisheni: ngege 220 wa gramu 400 kila mmoja, yaani kilo 88, waagizwe kwa ukubwa mmoja ili asiwepo anayepewa kichwa na mkia tu. Wahifadhiwe na barafu, kilo moja kwa kila kilo ya samaki. Mmepanga karai moja. Karai kubwa hubeba samaki wanane, na kila mkupuo huchukua kama dakika 12, kwa hiyo ni mikupuo 28, zaidi ya saa tano na nusu. Mpishi akibanwa na muda ataongeza samaki karaini, mafuta yatapoa, na samaki watanyonya mafuta na kuvunjika. Karai nne humaliza kazi kwa saa moja na nusu. Pendekezo lenu la kukaanga Ijumaa na kupasha moto Jumamosi tumelikataa.

Unga wa chapati mmeandika kilo 12. Kilo moja hutoa chapati kumi hivi, nasi tunataka 300, kwa hiyo ni kilo 30. Mchele wa pilau kilo 20 unatosha, hapo hatuna neno. Keki ya ngazi nne itokayo Nakuru isisafirishwe ikiwa imepangwa. Kila ngazi iwe kwenye sanduku lake, ipangwe Kisumu, ikae kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi saa tisa. Nakuru iko mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,131 na joto lake mnalijua: krimu ya siagi iliyosimama vizuri kwetu itateleza kwenu.

Kuhusu safari, mmewaambia wageni wa Nairobi wapande SGR, yaani treni ya reli ya kisasa. SGR ya magharibi inaishia Suswa. Mabasi ya Nakuru mmeyapa muda wa saa mbili na nusu njiani. Ni zaidi ya kilomita 180 kupitia Salgaa, Mau Summit na Kericho, na gari la abiria haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Hata barabara ingekuwa tupu na tambarare, muda huo ungebana. Safari ipewe muda wa saa nne hadi tano, mabasi yaondoke Ijumaa saa moja asubuhi, ili Kericho ipitwe kabla ya mvua ya mchana. Kumbukeni pia kwamba Jumamosi hiyo ni Jamhuri Dei, shule zimefungwa, na nusu ya nchi inapanda magharibi kwa ajili ya Krismasi. Kwa sababu hiyo hiyo, maneno "vyumba 40 vimehifadhiwa" hayatutoshi. Tupeni barua ya hoteli yenye tarehe ambayo vyumba visivyolipiwa vitaachiliwa. Wageni wanaotoka nyanda za juu na ng'ambo waambiwe kwenye kadi kwamba eneo la ziwa lina malaria, wamwone daktari kabla ya kusafiri.

Tumeiacha sheria hadi hapa, ingawa ndiyo inayoweza kuifanya siku nzima kuwa karamu tu. Mmepanga kupeleka ilani ya ndoa ya serikali "mwishoni mwa Novemba". Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ilani hiyo ipewe msajili, na pia msimamizi wa mahali pa kufungia ndoa, si chini ya siku 21 na si zaidi ya miezi mitatu kabla. Siku 21 kabla ya harusi ni Jumamosi, 21 Novemba, kwa hiyo siku ya mwisho ya kazi ni Ijumaa tarehe 20. Mlango unafunguliwa 12 Septemba. Hakuna sababu ya kungoja, na mahali patakapoandikwa pasibadilishwe baadaye kwa kuwa bustani nyingine imewapa bei nafuu. Bwana harusi ni raia wa Uingereza, hivyo atahitaji cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa. Huko kwao ilani yake hubandikwa siku 28 kabla cheti hakijatolewa. Hilo halimo popote katika mpango wenu, japo mmetoza "ada ya nyaraka". Kamati itaisimamia kazi hiyo yenyewe, ada iondolewe. Mashahidi wawili nao wasipandishwe kwenye mashua ya vinywaji mliyoipanga kabla ya kutia sahihi, kwani sheria haimtambui shahidi aliyelewa. Na droni isiruke bila mwendeshaji kuonyesha kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Mwisho ni fedha. Mstari mdogo chini ya kotesheni unasema bei ni "bila VAT", yaani kodi ya ongezeko la thamani. Asilimia 16 ya Sh1,480,000 ni Sh236,800, na si kiasi cha kufichwa kwa maandishi ya ukubwa huo. Tulikubaliana bei kamili, nasi tunaishikilia. Malipo ya awali hayajatolewa risiti ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, hadi leo.

Tunataka kufikia Jumatatu, 14 Septemba: mpango mpya ulioandikwa baada ya fundi wenu wa tenti, mpishi na nahodha kufika bustanini, kotesheni iliyorekebishwa ikiwa na kodi ndani yake, barua ya hoteli, na risiti. Karai, jenereta na tenti kubwa zitaongeza gharama na tuko tayari kuzungumza bei yake, mkiondoa changu, mifuko ya mchanga na ada ya nyaraka. Msipoweza, rudisheni Sh592,000 zote kufikia Jumatatu, 28 Septemba, tupate muda wa kumtafuta mwingine. Zisiporudi tutaenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000.

Majibu yaletwe kwa maandishi kupitia katibu wa kamati. Bi harusi na mama yake wasipigiwe simu kuhusu jambo hili.

Wenu waaminifu,
Kamati ya Harusi
(Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina)

Nakala: Msimamizi wa bustani, Kisumu