Huruma isitukalishe kitako

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Huu ni mwaka wa saba naishi na maradhi mawili kifuani: moyo umedhoofika kusukuma damu, na mapafu yana ule ugonjwa sugu unaobana njia za hewa. Maradhi yenyewe tumeshazoeana. Ninachogombana nacho ni neno "pumzika".

Nikishika ufagio, napokonywa. Nikiinuka kuchukua maji, mjukuu keshafika mbio na kikombe. Mwaka wa kwanza nilikubali yote, nikakaa, hata ikawa kutoka kitandani hadi mlangoni natweta kama niliyepanda mlima. Nikajua mapafu ndiyo yanaisha. Kumbe na miguu! Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba misuli iliyolegea hutaka oksijeni nyingi kwa kazi ndogo, ndiyo maana pumzi inakatika upesi. Daktari aliporidhia, akanitembeza kwenye ujia dakika 6, kidoleni nimebanwa kipimo cha oksijeni, nikichoka nasimama. Tukaanzia hapo.

Nilifundishwa hata kupumua, utu uzima huu. Mbele ya ngazi nasimama, navuta hewa puani, kisha napanda huku naitoa polepole kwa midomo niliyoibinya kama anayepoza kitu cha moto. Kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuvuta, ili hewa iliyonaswa mapafuni ipate kutoka.

Sisemi mgonjwa ajiendee tu. Kila asubuhi, nikitoka msalani na kabla sijala, napanda mizani na kuandika. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, huko si kunenepa, ni maji. Napiga simu kliniki kabla miguu haijavimba na kabla sijaanza kuongeza mito ya kulalia ili nipate pumzi. Chumvi nimeipa talaka, ingawa nakiri tunakutana kwa siri mara mojamoja. Na zipo siku za kulala kweli: makohozi yakiongezeka au kubadilika rangi, siku hiyo ni ya daktari, si ya ufagio.

Siku nyingine zote, anayenionea huruma avae viatu tutembee wote. Ila tukifika kwenye mwinuko asinisemeshe. Pumzi yangu haitoshi kupanda na kupiga soga.

Msomaji wako