Malalamiko: mlimvua Tobi kinyago mbele ya mtoto, kisha mhudumu wenu akamalizia na Zetsu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja
Nakala: Mkurugenzi Mkuu

Ndugu Meneja,

YAH: KUFICHULIWA KWA TOBI WA NARUTO SHIPPUDEN, NA MANENO YA MHUDUMU WENU MTOTO AKISIKIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha familia cha kutazama vipindi, ambamo mpwa wangu anaangalia Naruto Shippuden, katuni ya Kijapani ya ninja, na Tobi ni adui wake mwenye kinyago; sijawahi kuchelewesha malipo. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii ifike kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua, siyo kwa ule mfumo unaojibu "asante kwa maoni yako". Malalamiko niliyotuma kupitia programu yenu yamefungwa na kuandikwa "yametatuliwa". Hakuna kilichotatuliwa. Hakuna hata aliyeniuliza nini kimetokea.

Mpangilio wa kuficha picha na muhtasari wa sehemu ambazo mtazamaji hajazifikia ni wenu, na masharti yake mnayajua kuliko mimi. Kwenye akaunti ya mpwa wangu umewashwa, na mkiangalia sasa hivi mtaukuta umewashwa. Pamoja na hayo, jioni tumemaliza kula, arifa yenu ikaingia kwenye simu. Picha ya Obito Uchiha, kinyago kimepasuka, makovu yote ya upande wa kulia wa uso yanaonekana. Chini yake mmeandika kwamba Tobi ni Obito, tazama sasa. Simu alikuwa ameishika mtoto.

Kumbukumbu za utazamaji mnazo, kwa hiyo mnaweza kujua alikuwa amefika wapi. Alikuwa amefika pale Kabuto, ninja mwasi, anapomfufua Madara Uchiha wa kweli, gwiji wa kale, kwa Edo Tensei, mbinu ya kufufua wafu, katikati ya vita. Yaani pale jeshi zima la ninja linapopigwa na butwaa, kwa sababu yule mwenye kinyago alijitangaza kuwa ni Madara, akawatangazia Kage wote watano, wakuu wa vijiji vya ninja, vita kwa jina hilo, na sasa Madara mwenyewe huyu hapa anatoka kaburini. Swali moja tu linabaki: yule wa kinyago ni nani? Mwandishi Masashi Kishimoto alilijenga swali hilo kwa miaka. Tobi anaingia sehemu ya 32 ya Shippuden, anaokota pete ya Sasori, mwanachama aliyekufa wa genge la ninja waasi liitwalo Akatsuki, kama mtu asiye na akili timamu, na uso wake hauonekani mpaka sehemu ya 343. Sehemu zaidi ya 300. Ninyi mmezimaliza kwa arifa moja.

Nikapiga simu kwenu. Ombi langu lilikuwa dogo: ondoeni ile picha, na zuieni arifa za namna hiyo kwenye akaunti ya mtoto. Niliweka spika kwa sababu mpwa wangu alitaka kusikia kama mtarekebisha. Mhudumu wenu akajibu kwamba hiyo ni katuni tu, kila mtu anajua Tobi ni Obito, na kwamba huyo dogo asijisumbue kwa sababu mwenye mchezo wote ni Zetsu Mweusi. Akacheka. Mtoto akasikia.

Nitalirudia hilo chini, kwa sababu nadhani hamjalielewa bado.

Kwanza naomba mwelewe mlichoharibu. Ninyi mnauza hizi kazi, na inaelekea hakuna kwenu anayezitazama. Tobi siyo adui wa kutajwa jina ukamaliza. Thamani yake yote iko katika kufichwa. Anaanza kama mchekeshaji anayemfuata mwenzake wa Akatsuki, Deidara, nyuma na kumwita mkubwa wake, anapigwa mateke, anakimbia ovyo. Watu wanacheka naye. Kisha siku moja anasimama mbele ya Pain, yule tuliyeaminishwa kuwa ndiye kiongozi wa Akatsuki, na anamtuma. Sauti imebadilika. Hapo ndipo mtazamaji anapata baridi mwilini na kuanza kurudi nyuma: kumbe usiku ule Kyuubi, mbweha wa mikia tisa, alipokishambulia Konoha, kijiji cha Naruto, Naruto akiwa mtoto mchanga wa siku hiyohiyo, wazazi wake Minato na Kushina wakafa, ni huyu. Usiku ukoo wa Uchiha ulipochinjwa, alikuwepo. Mizukage wa Nne, Yagura, Kage aliyekitawala kijiji cha Kirigakure kwa damu, alikuwa anaongozwa kama kikaragosi, na mwongozaji ni huyu. Konan, mshirika wa Pain, alimtegea karatasi za mlipuko bilioni 600, na bado akatoka.

Mpwa wangu aliyapanga haya yote kwenye daftari. Si daftari la shule, alilinunua kwa hela yake ya chakula. Aliandika kwamba kinyago kile kina tundu la jicho la kulia peke yake. Akaandika kwamba vitu vinapita mwilini mwake kama hayupo. Halafu akaandika kwamba Sharingan, jicho la nguvu la ukoo wa Uchiha, ya Kakashi, mwalimu wa Naruto, iko jicho la kushoto, na nayo inameza vitu na kuvipeleka pasipojulikana. Hakuwa ameviunganisha. Alikuwa amebakiza hatua moja. Akaniuliza, "Mjomba, kwa nini tundu ni la kulia tu?" Mimi nilishaitazama zamani na jibu ninalo, nikamwambia endelea kuangalia, utaona. Nimekuwa nikilinda jibu hilo nyumbani kwangu tangu tulipoanza. Nimewakataza binamu zake wakubwa kulitaja. Nimewakataza vijana wa jirani wanaokuja kutazama mpira. Wote wameheshimu. Kampuni ninayoilipa kila mwezi ndiyo iliyoshindwa.

Na Obito siyo mgeni kwa mtoto yule, hilo ndilo linaloniuma. Alishamwona katika sehemu za 119 na 120: kijana mwenye miwani, mchelewaji, anayempenda mwenzake Rin, anayetaka kuwa Hokage, mkuu wa Konoha, kwa maneno yaleyale ya Naruto. Alimwona akifunikwa na jabali katika vita vya tatu vya ninja na kumpa Kakashi jicho lake. Alimlilia. Kwa hiyo siku kinyago kinapovunjika, baada ya Kakashi kugundua kwamba macho yao mawili yanafungua sehemu moja, mtoto alipaswa kuwa amesimama pale pamoja na Kakashi, ambaye kwa miaka yote amekuwa akienda kwenye jiwe la kumbukumbu kumwomboleza mtu aliye hai na anayeua. Jina peke yake si kitu. Mtoto alipaswa kulifikia akiwa amechoka, ana hofu, na amekosea mara nyingi kubashiri. Ninyi mmempa jina tupu lenye kitufe cha "tazama sasa".

Sasa narudi kwenye simu.

Nilijitambulisha. Nikasema mapema kabisa, kabla ya jambo lolote, kwamba nipo na mtoto na simu iko kwenye spika. Mhudumu akasema sawa mzee. Nikaeleza kuhusu ile arifa bila hata kutaja jina la mhusika, ili nisimwongezee mtoto kidonda. Yeye akalitaja. "Si Obito huyo? Kila mtu anajua, mzee." Nikasema tafadhali ndugu yangu, usiseme zaidi, mtoto anasikia na bado hajafika mbele. Naomba msome hapo tena: nilimwomba, kwa sauti ya upole, na nikampa sababu. Akanyamaza kidogo, nikadhani ameelewa. Kisha akasema, na sauti yake nilisikia anatabasamu: "Mwambie dogo hata Obito anatumiwa tu. Na Madara naye anatumiwa. Zetsu Mweusi ndiye anamchoma Madara mgongoni, anamrudisha Kaguya." Akacheka. Na pembeni yake kuna mtu mwingine alicheka pia. Halafu akaniuliza kama kuna jambo lingine angependa kunisaidia.

Hakupitiwa yule. Mtu aliyepitiwa hasubiri aombwe asiseme ndipo aseme. Alisikia kwamba kuna mtoto, akasikia ombi, na akaenda kuchukua siri kubwa kuliko ile ya kwanza, akamtupia. Maana Zetsu ndiye aliyefichwa kuliko wote. Yupo tangu mwanzo, nusu nyeupe nusu nyeusi, anachungulia mapigano ya wengine, unamchukulia kama mpelelezi tu wa Akatsuki. Anadai kuwa ni utashi wa Madara, na Madara mwenyewe anaamini hivyo. Kumbe ni wa Kaguya, yule mwenye nguvu wa kale aliyefungwa, na amekaa vizazi na vizazi akiwachochea warithi wa Indra na wa Ashura, wajukuu wa Kaguya, wauane, na ameyageuza maandishi ya jiwe la ukoo wa Uchiha ambayo Madara aliyasoma na kuyafanya dira ya maisha yake. Madara, aliyemteka Obito kwa kupanga mauaji ya Rin, naye ametekwa. Hiyo ni siri iliyo mwishoni kabisa mwa vita. Mhudumu wenu aliitoa kwa sekunde chache, kwa kicheko.

Mpwa wangu alifunga daftari. Hajalifungua mpaka leo. Nikimwambia tuendelee anasema, "Ya nini mjomba, si tumeshaambiwa."

Na hii si mara yenu ya kwanza. Kabla ya hapo muhtasari wenu ulitaja kifo cha Jiraiya, mwalimu mwingine wa Naruto, wakati mtoto bado hajaona hata anaingia kijiji cha Amegakure kumtafuta Pain. Wakati ule ndipo nilipowasha ule mpangilio wenu wa kuficha, kwa maelekezo yenu wenyewe, mkaniahidi kwa maandishi kwamba haitatokea tena. Ujumbe wenu ninao.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na maombi mawili tu. Muiondoe picha ile na kusahihisha mfumo wa arifa, na yule mhudumu amwandikie mtoto barua ya kuomba radhi, si mimi, mtoto. Maombi hayo yapo palepale. Lakini kadiri nilivyoyaandika yale maneno ya kwenye simu ndivyo nilivyoona kwamba hayatoshi.

Kwa hiyo nadai pia nirudishiwe fedha zote nilizolipa tangu siku mliyoniahidi kuhusu Jiraiya, kwa sababu tangu hapo nimekuwa nikilipia mpangilio usiofanya kazi. Msiniletee vocha wala mwezi wa bure. Fedha, kwa njia ileile mliyozipokelea.

Nadai rekodi ya mazungumzo. Mlisema wenyewe mwanzoni mwa simu kwamba mazungumzo yanarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Isikilizeni mbele ya msimamizi wa yule mhudumu na yule mwenzake aliyekuwa anacheka, kisha mnipe nakala. Mkiniambia imepotea nitajua mmeisikiliza.

Na nataka kujua kwa maandishi ni nani aliyeamua kwamba uso wa Obito ndio picha ya kuvutia watu kuitazama Shippuden. Kuna mtu alikaa ofisini akaichagua. Kinyago cha rangi ya chungwa kingetosha, kinavutia kuliko uso wowote, na hakimwambii mtu chochote. Aliyechagua uso hakuitazama kazi yenyewe, au ameitazama na hajali wanaokuja nyuma yake. Vyovyote vile asiendelee kuchagua picha za akaunti za watoto.

Mnazo siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Zikipita, napeleka malalamiko TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nikiambatanisha ahadi yenu ya maandishi, picha ya arifa, na ule ujumbe wa "yametatuliwa". Wataniuliza kama nilianza kwa mtoa huduma, na barua hii ndiyo ushahidi. Nitaipeleka pia kwenye kundi la wazazi wa shule ya mpwa wangu, ambamo wengi wana kifurushi chenu kwa sababu mimi ndiye niliyewashawishi wakichukue. Nitawaeleza neno kwa neno alichosema mhudumu wenu baada ya kuambiwa kuna mtoto. Na kama hata hapo mtaona ni katuni tu, nitatafuta wakili, gharama nitaibeba.

Nimejitahidi kuandika kwa adabu. Mhudumu wenu alipata nafasi ya kufanya hivyo na hakuitumia.

Jibu nalitaka kwa maandishi, likiwa na jina na cheo cha anayejibu. Msinipigie simu. Simu kutoka kwenu haitapokelewa tena nyumbani kwangu.

Mteja wenu,
Tabata, Dar es Salaam