Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Mboji yangu haina risiti

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa milima ya Uluguru, Morogoro. Nalima mahindi, maharage na mboga kwenye mteremko ambao mgeni akiuona huuliza kama huwa hatuporomoki. Huwa tunaporomoka, udongo ndio hututangulia. Masika ikipiga usiku mmoja, asubuhi unakuta mfereji katikati ya shamba, na vijito vinavyolisha Mto Ruvu vimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo ndiyo yanayokwenda kunywewa Dar es Salaam.

Novemba 2023 wizara yako ilizindua pale Dodoma Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani. Nilifurahi, maana kilimo hicho ndicho tunachohangaika nacho huku. Lakini ruzuku bado inafuata mfuko wa mbolea ya dukani. Tangu msimu wa 2022/23 najisajili kwa mtendaji wa kijiji, napata namba, naipeleka kwa wakala, napunguziwa bei ya mbolea ya urea au DAP. Sibezi mpango huo. Mwaka ule mfuko ulikuwa umepita laki moja, na bila ruzuku wengi wangepanda mikono mitupu.

Sasa njoo kwenye mboji. Nakusanya majani makavu, alizeti pori, samadi ya mbuzi na majivu. Napanga tabaka juu ya tabaka, namwagia maji yaliyobebwa kichwani, nachomeka kijiti katikati. Kikichomolewa cha moto, najua inaiva. Nageuza, nasubiri, nageuza tena. Halafu kuna ngazi, yaani matuta yanayokata mteremko ili udongo usiporomoke, ambazo huchimbwa kwa jembe na mgongo, basi. Kazi hii yote haina risiti, kwa hiyo mfumo wa ruzuku hauioni. Jirani akichukua mifuko miwili ya urea, serikali imemchangia. Mimi niliyezuia udongo usiende mtoni sijachangiwa hata mpini.

Wazee wetu waliwahi kuchimbishwa ngazi na Waingereza. Mwaka 1955 Waluguru wakakataa, vurugu zikazuka Matombo na mtu mmoja akafa. Babu alipokuwa akisimulia hakuzilaumu ngazi zenyewe. Alilaumu kuchimba kwa amri, bila ujira. Wajukuu tunachimba kwa hiari, ujira bado.

Ninachoomba ni sehemu ya fedha za ruzuku ilipwe kwa shamba lenye ngazi na mboji. Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki na vipima udongo. Basi afisa ugani apande huku, apime ngazi kwa hatua, aandike kwenye usajili uleule tunaotumia kwa mbolea. Si lazima iwe fedha taslimu: toroli, turubai la kufunikia mboji, koleo, miche ya majani ya kushikilia kingo, vyote tutapokea. Na malipo yamfuate anayechimba, maana wengi huku wanalima mashamba ya kukodi. Ukishachimba ngazi, mwenye shamba anaona limependeza, mwakani analirudisha kwake. (Nimeshuhudia mara mbili, mara ya pili lilikuwa langu.)

Wala wazo la kulipa si geni. Mashirika ya CARE na WWF walishalijaribu Kibungo, huku huku Uluguru: wakulima wakachimba ngazi, na DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, ikawa miongoni mwa waliowalipa kwa ajili ya maji. Lakini ule ulikuwa mradi, na mradi huwa na tarehe ya mwisho. Bajeti ya wizara hurudi kila Julai.

Ukitaka kujionea, njoo Februari, kabla masika haijafunga barabara. Vaa viatu vya kupandia mlima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa Uluguru