Mwanangu, wapikie watu wa huko

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku sote hatujambo, mamako na wadogo zako wanakusalimu sana, na hofu yetu ni juu yako wewe na baridi hiyo ya Göteborg, huko Uswidi. Kaskazi imeshashika, joto limezidi, na maembe ya ngowe yamejaa Marikiti. Shangazi yako wa Kibokoni amejifungulia biashara ya viazi karai hapo barazani kwake, jioni watu wanapanga foleni. Hayo ndiyo ya mtaani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mambo ya upishi hukatika katikati. Mamako huichukua, kisha wadogo zako, na ulichouliza hakijibiwi. Uliniuliza kwa nini mahamri yako hayaumuki na kwa nini pilau yako haina harufu. Halafu ukapitisha jingine haraka haraka: kwamba bizari alizokufungia mamako unazitunza kwa siku kubwa, unapika Jumapili peke yako, unagawa kwenye vibakuli, unatia kwenye friza na kula wiki nzima peke yako, kwa kuwa wenzako wa kazini hawatakielewa chakula chetu. Hilo limenikalia moyoni tangu siku ile. Lakini wacha nianze na upishi, kwani ndio kazi iliyokulea.

Mahamri kwanza. Hamira inataka joto. Huku jikoni kwetu unga ukikandwa baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda umeshafura. Huko nyumba ina nyuzi ishirini, na tui lako umelitoa kwenye kopo lililokaa kabatini baridi. Lipashe tui mpaka kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua, ndipo ukandie. Usiongeze hamira kwa pupa, mahamri yatanuka hamira. Lifunike donge, liweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto, na ukubali kungoja hata kwa muda wa saa tatu. Na sukari isizidi sana, kwani sukari nyingi huipunguza nguvu hamira. Wakati wa kukaanga tia machache machache. Jiko la umeme halirudishi moto upesi, na mafuta yakipoa hamri hulala chini, hunywa mafuta na haligeuki puto. Ukiliona limepanda juu, limwagie mafuta ya moto kwa kijiko mgongoni.

Tui la kopo nalo lina adabu zake. Usilitikise. Liache litulie mahali pa baridi, kisha fungua taratibu: lile zito limeganda juu, lile jepesi liko chini. Umeshapata tui la kwanza na tui la pili bila mbuzi wala kifumbu. Jepesi pikia mbaazi mpaka ziive, zito litie mwisho, moto mdogo, na usiache kukoroga. Mbaazi zenyewe nunua nzima zilizokauka, uziloweke usiku kucha. Zile za Kihindi zilizopasuliwa ni za dali, ukizipikia nazi zitavurugika.

Sasa pilau, na hapa nisikilize vizuri. Bizari uliyosagiwa na mamako haina harufu kwa sababu imekaa. Bizari nzima huhifadhi mafuta yake ndani ya ganda. Ikishasagwa, harufu huanza kuondoka siku hiyohiyo, na kila unapofungua chupa unatoa kidogo. Kwa hivyo kule kuitunza kwako kwa siku kubwa ndiko kunakoiua. Itumie yote mwezi huu. Ikiisha hiyo, nunua nzima huko huko, bizari, mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki, ukaange kavu kidogo na usage kiasi cha sufuria moja tu. Vitunguu vipeleke mpaka viwe rangi ya kahawa. Wengi huviogopa wakavitoa mapema, na pilau ikatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa.

Na moto. Wewe umekua ukiniona nikipika kwenye harusi, sufuria kubwa zimepangwa uani, makaa chini na makaa mengine yamepaliwa juu ya kifuniko. Pilau ya shughuli huivishwa na moto wa juu na wa chini kwa pamoja, ndipo punje ikauka na kusimama. Jiko lako la juu halina moto wa kupalia, lakini oveni inao. Maji yakishakaribia kukauka, funika sufuria kwa kifuniko kizito, isiwe na mshikio wa plastiki, itie kwenye oveni ya nyuzi 160 na uiache dakika ishirini na tano. Nimewaambia wapishi wenzangu wa Majengo habari hii, na wamekubali kwamba oveni iko karibu na sufuria zetu kuliko jiko la gesi.

Haya, nije kwenye lile lililonikaa moyoni.

Mwanangu, ni wewe uliyenitumia picha ya vikate vya Waswidi vilivyosokotwa kama fundo, ukaniambia ulipokiuma kimoja ulihisi iliki imejaa kinywani mpaka ukamkumbuka nyanya yako. Ukaniambia tena kwamba kabla ya Kwaresima wana mkate mwingine, semla, na ndani ya unga wake mna iliki. Nchi yao haina hata mti mmoja wa iliki porini. Wanainunua kutoka mbali, Guatemala na India, nayo imekuwa ladha ya mkate wao wa kila siku, wakati sisi tuna milima ya Usambara hapa jirani inayoiotesha. Watu hawa ndio unaosema hawataelewa mahamri? Sidhani kuna watu Ulaya nzima watakaoyaelewa upesi kuliko hao. Na umesema kazini kuna kituo cha kahawa asubuhi na kingine alasiri, watu wote huacha kazi wakakaa pamoja. Basi hiyo ni baraza, mwanangu. Peleka mahamri siku moja, ya moto ukiweza, yafunge kwa kitambaa. Usieleze mengi. Weka mezani tu.

Kisha waalike nyumbani. Umeniambia huko watu hualikana wiki mbili kabla, wanafika kwa dakika yake na kuvua viatu mlangoni. Kuvua viatu ni desturi yetu pia, na kufika kwa wakati mimi mpishi wa harusi ningekupendea sana. Huyo mwenzako asiyekula nyama mpikie mbaazi za nazi, wali wa nazi na mchicha, hatakosa kitu. Samaki usingoje changu wala tasi. Kiangazi mnapata makrili kwenye pwani yenu, huyo anafaa kupakwa. Mchanje, mtie thomu, tangawizi, pilipili na chumvi, mwoke, halafu mpake tui zito lenye ndimu na manjano mara mbili au tatu. Ana mafuta mengi kuliko changu, kwa hivyo ndimu izidi.

Nasema haya kwa kuwa nimekaa ugenini nami. Nilipokuwa mpishi Maskati, wewe hujazaliwa, ugeni wangu ulikuwa mwepesi kuliko wako. Sultani Qaboos aliposhika ufalme mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje, na wengi walirudi kutoka Zanzibar na pande zetu hizi, kwa hivyo nilikuwa nikiingia sokoni Matrah nikasikia Kiswahili kila upande. Halwa ilikuwapo, nguru alikuwapo. Hata hivyo tulikuwako Wamombasa waliofunga mlango, wakapika na kula wao kwa wao, wakahesabu miezi ya kurudi. Mimi nilikuwa nikiwapikia majirani, na majirani wakanifundisha. Idi moja walinikalisha kwenye shuwa yao: nyama inapakwa viungo, inafungwa kwenye majani, inazikwa kwenye shimo lenye makaa, na haifukuliwi mpaka kesho yake au keshokutwa. Kwa watu haohao nilijua ndimu kavu, zile nyeusi ngumu, wanazitoboa na kuzitupa kwenye mchuzi.

Wewe unajua supu yangu ya nyama inayosifiwa kwenye harusi hapa mjini. Watu wananiuliza siri, wengine wanaapa kwamba ni upishi wa kale wa Mvita. Ndani yake mna ndimu kavu ya Maskati. Nilikwenda nikiwa mpishi wa Mombasa, nikarudi mpishi wa Mombasa mwenye kitu cha kuongeza, na hakuna aliyewahi kuniambia chakula changu si cha kwetu. Kwa hivyo unaponiambia unaogopa kubadilika, mimi babako naona hofu hiyo haina mahali pa kusimama.

Habari ya uyoga imenifurahisha, ingawa mamako hakulala. Kwamba sheria yao inampa kila mtu haki ya kuingia msitu wa mwenzake akaokota matunda na uyoga, mradi asiharibu kitu na asisogelee nyumba ya mtu, hilo nimelisimulia barazani na watu wakaliona jambo kubwa. Hapa kwetu ufuo wenyewe siku hizi unazungushiwa ukuta. Endelea kwenda na wenzako vuli. Ila usiokote hata mmoja kwa kukisia. Ule wa manjano unaouita kantareli ukuonyeshwe na mtu aliyeuokota tangu utotoni, na asipokuwapo rudi na kikapu kitupu. Ukileta nyumbani jaribu kuukaanga kwa kitunguu na tui zito kidogo, uniambie ulivyotoka.

Na vile visiwa vya mbele ya Saltholmen, ambavyo unapanda feri kwa tiketi ileile ya tramu na ukifika hukuti gari la mtu, nenda mara kwa mara. Ulivyonieleza njia zake nilijiona Lamu ya zamani. Mtoto wa kisiwa akikaa siku nyingi bila kusikia maji hukosa raha na hajui kwa nini.

Najua Desemba ni ngumu. Jua kutua saa tisa u nusu, wakati huku mwadhini ndiyo kwanza anaita alasiri, si jambo la mtu wa pwani kulizoea upesi. Unatoka kazini usiku, unaingia nyumbani usiku, na kibakuli cha friza kinakungoja. Ndiyo maana nasisitiza juu ya wageni. Pilau ya mtu mmoja hata mimi siwezi kuipika ikatoka vizuri, mkono wangu haujui kipimo hicho. Pika ya watu wanane. Wakipungua, bisha mlango wa jirani. Yule bibi wa ghorofa ya chini uliyesema anaishi peke yake, anza na yeye.

Uliulizia halwa. Ipo huko huko kwa Wasomali, nao wana sambusa na mkate wao wa mofa, waendee. Ni jirani zetu, na huenda baadhi yao wakakusemesha Kiswahili.

Sasa la mzigo. Mtoto wa mjomba wako anasafiri mwisho wa mwezi, atapitia kwako. Mamako alitaka kumpa maembe na nyama kavu, nikamkataza. Nyama na maziwa havipiti kwenye forodha ya Ulaya, na matunda yanahitaji cheti, isipokuwa ndizi, nanasi, tende, doriani na nazi. Nazi zinapita, kwa hivyo nitamchagulia zilizokomaa na mbuzi mdogo wa kukunia. Nitatia pia mfuko wa ndimu kavu. Hizo usizitunze.

Nijibu kabla hajaondoka: unataka nazi ngapi, na hao wageni wa kwanza umewaalika lini, ili nikuandikie vipimo vya pilau ya idadi yao. Mamako naye anauliza kama leso zile za mwisho zilifika na kama unavaa soksi mbili. Mjibu yeye mwenyewe, kwa simu.

Wasalaam,
Babako