Barua ya Wazi kwa Vijana Mlio Misheni Ugenini

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Hivi karibuni wamisionari wawili wa kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, walikuja kwangu kuifundisha familia moja ya jirani. Mmoja alikuwa ameshaizoea lugha. Mwenzake alikuwa mgeni kabisa, na alipopewa zamu ya kusoma aya za Kitabu cha Mormoni, mojawapo ya maandiko yetu matakatifu, ulimi ulimkwama. Yule mzoefu alimkatiza mbele ya wageni, akakichukua kitabu mikononi mwake, akasoma mwenyewe. Kijana alipojaribu kutoa ushuhuda, akakatizwa tena. Akainamisha macho, akanyamaza hadi sala ya kufunga. Baadaye nikasikia amerudi kwao kabla ya miezi yake 24 kutimia. Na pale kanisani, swali la kwanza lililoulizwa halikuwa hali yake. Watu waliuliza amefanya dhambi gani.

Kwa hiyo leo sitawahubiria namna ya kuhubiri. Nataka kusema juu ya mwenzi, yaani mmisionari uliyepangiwa kuishi na kufundisha naye.

Mmetumwa wawili wawili kama Mitume walivyotumwa katika Marko sura ya 6, na kama sehemu ya 42 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, ilivyoagiza tangu mwaka 1831. Huyo mwenzi hukumchagua wewe. Rais wa misheni, msimamizi wenu huko, amekupangia, na uhamisho ukija baada ya wiki kadhaa huenda ukapewa mwingine. Lakini muda wote mkiwa pamoja mnapaswa kuonana na kusikiana, kuanzia kuamka asubuhi hadi taa inapozimwa. Mnapika pamoja, mnajifunza pamoja, mnafungiwa milango pamoja. Kijana wa miaka 18 aliyetoka kwa mama yake juzi hana ndugu mwingine katika nchi hiyo isipokuwa wewe. Ukimnunia, nchi nzima imemnunia.

Halafu nawasikia mkijivunia utiifu! Umeamka saa kumi na mbili na nusu, shati jeupe limepigwa pasi, kibandiko cha jina kimenyooka kifuani, idadi ya watu mliowafundisha mmeshaipeleka kwa viongozi, na chumba cha pili kuna mtoto wa watu analia kwa sauti ya chini ili usimsikie. Utiifu gani huo? Kila wiki mnatakiwa kukaa chini kupanga kazi, na katika kikao hicho mna nafasi ya kuambiana ukweli: nini kimekuumiza, nikusaidieje, tusameheane wapi. Nimesikia kutoka kwa wamisionari wenyewe kwamba wapo wanaokiruka kipengele hicho kwa sababu wanaona haya. Msikiruke. Afadhali mchelewe kubisha hodi nyumba moja.

Msomeni tena Alma na Amuleki, wahubiri wawili wa Kitabu cha Mormoni. Wengi huishia kwenye mahubiri yao makali na kuta za gereza zilizoanguka. Endeleeni mpaka mwisho wa sura ya 15 ya kitabu cha Alma. Amuleki alikuwa ameiacha dhahabu na fedha yake kwa ajili ya neno la Mungu, rafiki zake wamemkataa, baba yake na jamaa zake wamemkataa. Alma alifanya nini? Alimchukua hadi Zarahemla, akamwingiza nyumbani kwake mwenyewe, akamhudumia katika taabu zake na kumtia nguvu katika Bwana. Nabii na kuhani mkuu aliuguza majeraha ya mwenzi wake. Wewe wa miezi michache unaona ni kupoteza muda?

Wewe uliyetangulia kuijua lugha, mpe mgeni sentensi fupi na umwache aimalize, hata akitumia dakika tatu. Mwenye nyumba atasubiri. Kosa lake mwambie njiani mkiwa wawili tu. Na akikwambia halali usiku, kifua kinambana, au haoni sababu ya kuamka, usimjibu kwa kumwongezea mfungo. Mpigieni simu rais wa misheni na mke wake siku hiyohiyo. Kumpeleka mtu kwa daktari si kukosa imani.

Mengine mnayajua: laleni mapema, fueni siku ya maandalizi, vaeni kofia ngumu kwenye baiskeli, msikope wala kukopesha. Mkiandaliwa chai au kahawa, kataeni kwa shukrani na muombe maji. Mama aliyeiandaa hana habari ya Neno la Hekima, sheria yetu ya afya inayokataza vinywaji hivyo.

Sasa nigeuke kwetu tuliobaki kwenye kata na matawi, yaani makusanyiko ya kanisa nyumbani. Nani alituteua kuwa mahakimu? Wapo wanaorudi mapema kwa ugonjwa wa mwili, wapo kwa wasiwasi na sonona, wapo kwa mambo yaliyo kati yao na askofu wao. Hakuna hata moja linalotuhusu sisi wa benchi la nyuma. Tulimwaga machozi ya furaha akienda, akirudi tunahesabu miezi iliyobaki. Binti aliyetumikia miezi saba kati ya 18 ametumikia kweli, na kama anapenda kuendelea ipo misheni ya huduma anayoweza kuifanya akilala nyumbani kwao. Mpeni mahali pa kukaa, mpeni wito wa kutumikia kanisani, mwalikeni mezani. Acheni kumuuliza.

Na nyinyi wazazi. Zamani simu ya nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama, basi. Tangu Februari 2019 watoto wenu wanaruhusiwa kuwapigia kila wiki, nami naishukuru ruhusa hiyo kwa moyo wote. Ila baadhi yenu mmeigeuza kuwa saa ya kukagua: amebatiza wangapi, mbona mtoto wa fulani ameshakuwa kiongozi wa wilaya ya wamisionari. Mtoto anakata simu amebeba mzigo mzito kuliko aliokuja nao. Akipiga wiki ijayo, muulizeni anakula nini na analala vipi. Kisha muulizeni mwenzi wake anaitwa nani, ametoka wapi, mama yake hajambo? Kama yupo karibu, aje mumsalimie.