Kadi ya RAID kwenye kompyuta ya mezani: inavyofungwa na inapokwama

Kadi za RAID (zinazounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) za mitumba, hasa MegaRAID 9361-8i na ndugu zake zilizochomolewa kwenye seva, sasa zinaulizwa sana na studio za video, ofisi za wahasibu na wachora ramani wanaotaka diski zao kubwa zikae pamoja ndani ya kompyuta ya kawaida. Zinafaa. Ila kadi hizi zilitengenezewa seva, na karibu kila shida inayoletwa kwetu inatokana na hilo. Seva ina upepo mkali, umeme wa uhakika na diski zilizochaguliwa. Kompyuta ya mezani haina kimojawapo mpaka uiwekee.

Kabla hujatoa hela, hesabu diski zako. Kama ni mbili tu na unataka moja iwe pacha wa nyingine, usinunue kadi. Windows na Linux zinafanya kazi hiyo zenyewe, na mashine ikifa unahamishia diski kwenye nyingine. Kadi inaanza kulipa kuanzia diski nne. Na kama diski zako ni NVMe (SSD zinazopitia PCIe moja kwa moja), 9361 haizitambui. Inapokea SATA (za kompyuta za kawaida) na SAS (za seva) tu.

Kuhusu sloti, watu huhangaika bure. Kadi ni ya PCIe 3.0 x8, yaani ina njia nane za data, na sloti ndefu ya pili kwenye mazabodi nyingi ni ndefu kwa umbo tu, ndani ina njia nne. Kwa diski za kuzunguka hiyo inatosha: njia nne za PCIe 3.0 zinapitisha karibu GB 4 kwa sekunde, na diski nne zikikimbia zote hazifikii hata GB 1 na nusu. Ukitaka kufunga SSD nane, hapo ndipo utafute x8 kamili, na kama prosesa ina grafiki yake, weka kadi kwenye sloti ya kwanza kabisa.

Joto ndilo linaloua kadi hizi. Mtengenezaji anataka upepo wa futi 200 kwa dakika upite juu ya kadi, yaani kama mita moja kila sekunde, muda wote. Ndani ya keisi ya kawaida, chini ya kadi ya grafiki, hewa imesimama. Dalili zake zinapotosha: kompyuta inawaka vizuri, baada ya saa moja ya kunakili mafaili diski zote zinapotea kwa mpigo, ukizima na kuwasha zinarudi. Mtu anabadilisha kebo, anabadilisha diski, kumbe chipu imechemka. Tunafunga feni ya milimita 40 moja kwa moja juu ya bapa la kupozea, au ya milimita 92 ikipuliza kutoka ubavuni. Kadi ya mtumba tunaivua bapa hilo na kubadilisha dawa ya joto, kwa sababu ya zamani huwa imekauka kama chokaa. Kisha amri `storcli64 /c0 show temperature`, ya programu ya kusimamia kadi, inaonyesha joto la chipu. Likipita nyuzi 90 kazi ikiwa imekolea, ongeza hewa kabla ya kuweka data yoyote. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, pima mchana, kiyoyozi kikiwa kimezimwa.

Kebo nazo zina mtego. 9361 ina soketi mbili za SFF-8643, kila moja inagawanyika kwenda diski nne. Kadi za kizazi cha nyuma, kama 9260, zinatumia SFF-8087, na hazichomekani. Tena zipo kebo za pande mbili tofauti zinazofanana kwa macho: moja hutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, nyingine hutoka kwenye soketi nne za SATA za mazabodi kwenda upande wa pili. Dukani omba iliyoandikwa "forward breakout". Ukifunga ile nyingine kadi haioni diski hata moja, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Kadi za zamani zaidi zenye nembo ya kampuni za seva, mfano Dell PERC H310, zinaweza kuizuia kompyuta isiwake kabisa au isione RAM. Kinachogongana ni mawasiliano ya SMBus kwenye pini B5 na B6. Shika kadi upande wenye chipu ukutazame, hesabu kuanzia kwenye bati la kufungia skrubu, pini ya tano na ya sita. Zifunike kwa kipande chembamba cha tepu ya Kapton kisichogusa ya nne wala ya saba. Kadi inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Ikishawaka, ingia kwenye mipangilio yake. Kama CSM (hali ya kuwasha kompyuta kwa mtindo wa zamani) imezimwa kwenye BIOS, menyu ya kadi iko ndani ya BIOS yenyewe, kwenye ukurasa wa Advanced. Kama CSM imewashwa, subiri ujumbe wa kadi kisha bonyeza Ctrl+R. Kwa 9260 ni Ctrl+H. Diski zilizotoka mashine nyingine zinaweza kuonekana kama "Unconfigured Bad" au "Foreign". Zisipokuwa na data unayoitaka, zisafishe hapo hapo.

Sasa aina ya RAID. RAID 5 inavumilia diski moja kufa, RAID 6 mbili, na RAID 10 ni jozi za diski pacha. Kwa diski nne za TB 4, RAID 5 inakupa TB 12, RAID 6 na RAID 10 zinakupa TB 8 kila moja. Windows itaandika 10.9 na 7.27, hujaibiwa, inahesabu kwa njia yake. Ushauri wetu kwa diski za ukubwa huo ni RAID 6, hata kama mteja analalamikia nafasi. Kujenga upya diski moja ya TB 4 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa saba kama hakuna anayefanya kazi, na ofisi ikiendelea inaweza kufika siku nzima au zaidi. Kwenye RAID 5, muda wote huo huna akiba: diski ya pili ikianguka, kila kitu kimekwenda.

Chagua "Full Initialization", si "Fast". Kadi hizi huandaa diski kimyakimya nyuma ya pazia, lakini kwa RAID 5 inafanya hivyo kuanzia diski tano, kwa RAID 6 kuanzia saba. Ukiwa na nne na ukachagua ya haraka, hesabu za ulinzi hazijakaguliwa popote, na hutajua mpaka siku diski imekufa. Acha ifanye kazi usiku mzima.

Halafu kuna "Write Back". Hapa kadi inapokea data kwenye kumbukumbu yake ya GB 1, inakwambia imemaliza, kisha ndiyo inaandika kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, kilichokuwa kwenye kumbukumbu kinapotea. Kwa hiyo bila kifaa cha CacheVault, kinachookoa kilichomo kwenye kumbukumbu hiyo, kadi inashuka yenyewe kwenda "Write Through" (inasubiri mpaka diski ziandike), na RAID 6 inaandika kwa kujikokota. Wengi hulazimisha "Always Write Back" ili kasi irudi. Kwa umeme wetu, usifanye hivyo bila UPS inayoizima kompyuta yenyewe. Kadi za mitumba mara nyingi huja bila CacheVault, kwa hiyo iulizie na uiweke kwenye bei.

Diski za kompyuta za kawaida nazo ni tatizo. Zikikutana na sehemu mbovu zinaweza kung'ang'ana muda mrefu, kadi inachoka kusubiri na kuitangaza diski nzima kuwa imekufa. Diski za NAS au za seva hukata tamaa baada ya kama sekunde saba na kuiachia kadi isahihishe. Epuka pia zile za SMR, ambazo mistari yake ya data hupandana na kuandika upya ni polepole. WD Red za kawaida za TB 2 hadi 6 zilikuwa na SMR ndani, jambo ambalo WD ilikiri 2020. Red Plus na Red Pro hazina.

Kabla ya kufunga keisi, andika namba ya utambulisho (serial number) ya kila diski kwenye karatasi na uibandike pembeni yake. Kompyuta ya mezani haina taa za kuonyesha diski ipi imekufa, na kuchomoa iliyo nzima wakati mwenzake ni mgonjwa ndiko kunakomaliza data za watu wengi. Kadi ikianza kupiga mlio, `storcli64 /c0 set alarm=silence` inainyamazisha, lakini soma kwanza inachosema.

Na ikifa kadi yenyewe, ramani ya RAID imeandikwa kwenye diski. Funga MegaRAID nyingine ya kizazi hicho au kipya zaidi, ikisema "Foreign Configuration" chagua "Import". Ukibonyeza "Clear" umeifuta ramani. Nakala rudufu kwenye diski ya nje bado unaihitaji, kwa sababu faili ukilifuta mwenyewe, RAID inalifuta kwa uaminifu kwenye diski zote.

Ukija kwetu, njoo na jina la mazabodi, picha ya kibandiko cha paua saplai na majina ya diski zako. Kila diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuta karibu ampea 2 za volti 12 inapoanza kuzunguka, na hilo tunalihesabu kabla ya kukuuzia chochote.